Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuzindua Vibao vya Bustani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Wazazi, walezi na majirani zetu,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Shikamooni wakubwa wetu. Na kwa kuwa tuko Usukumani na jua halijafika utosini, tunasema pia mwangaluka.

Ndugu Mgeni Rasmi, ahsante kwa kukubali kupanda mlima huu. Tunajua gari lako limeishia kule chini kwenye mwembe, na kipande kilichobaki umekipanda kwa miguu katikati ya mawe kama sisi tunavyofanya kila asubuhi. Pole sana. Ukishapumua, geuka nyuma utaliona ziwa.

Tumekuita uzindue vibao. Umezoea kuzindua madarasa, visima na matundu ya vyoo, na huenda ulipopata barua yetu ulidhani katibu wetu amekosea kuandika. Hakukosea. Ni vibao 52 vya majina ya mimea, vyote vimetengenezwa na wanafunzi, na vimetuchukua miaka miwili. Tunaomba utuvumilie tukueleze kwa nini vilichukua muda wote huo.

Vibao vyetu vya kwanza vilikuwa vya maboksi. Tulikata vipande, tukaandika kwa makapeni, tukavifunga kwenye vijiti. Mvua za vuli zilipoanza vikalainika kama uji, na vilivyobaki vikaliwa na mbuzi wa jirani. Jirani mwenyewe yupo hapa leo, amekaa safu ya tatu, na tulishasameheana.

Vya pili vilikuwa vya mbao. Fundi seremala wa hapa chini alitupa mabaki ya paini, tukayapiga msasa, tukaandika tena kwa makapeni ileile, maana dukani tuliambiwa wino wake haufutiki. Ni kweli haukufutika kwa maji. Ulifutwa na jua. Sisi wa Mwanza tupo karibu kabisa na mstari wa Ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu ni kali na linavunjavunja rangi iliyo ndani ya wino. Miezi michache tu maandishi yakawa na rangi ya chai ya jana, kisha yakatoweka. Huku chini nako mchwa walikuwa wanaendelea na kazi yao. Paini kwao ni biskuti.

Hapo ndipo likatokea jambo la mihogo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulikuwa na matuta mawili ya mihogo yaliyopakana. Moja lilikuwa la mhogo mtamu, ule unaochemshwa ukaliwa na chai. La pili lilikuwa la mhogo mchungu, ambao wazee wetu wa Sengerema na Ukerewe wanaujua vizuri: haushambuliwi ovyo na wanyama, lakini una sumu ya sianidi, na hauliwi mpaka uvundikwe au ulowekwe, uanikwe, usagwe uwe unga wa udaga. Shina, jani, hata kimo, mihogo ile kwa macho yetu ilikuwa pacha. Kilichoitofautisha kilikuwa vibao viwili tu, na siku ya kuvuna vibao vyote viwili vilikuwa vyeupe.

Tulikaa pale na majembe mkononi tukibishana. Mmoja anasema mchungu ulikuwa upande wa bomba, mwingine anaapa ulikuwa upande wa ukuta. Mmoja wetu akataka kuonja kidogo, na mwalimu mlezi akapiga kelele ambayo hatujawahi kumsikia akipiga. Mwisho mihogo yote, mitamu na michungu, ilikwenda kulowekwa na kuanikwa kuwa udaga. Hatukupoteza chakula, ila tulipoteza chai ya mihogo tuliyoingojea mwaka mzima, na usiku ule wengi wetu tuliwaza ingekuwaje kama anayevuna angekuwa mtu asiyeuliza.

Tangu siku ile hatukuhesabu tena vibao kuwa pambo. Tulikuwa tumesoma kwamba pale Ukiriguru, wilayani Misungwi, watafiti wamezalisha mbegu za pamba kama UK77 na UK91, na hizo herufi UK ni za Ukiriguru yenyewe. Tulikuwa tukiyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Baada ya mihogo tukaelewa maana yake: mashamba mawili ya pamba yanaweza kufanana kama mayai, na mtu akichanganya vibao, kazi ya miaka imekwenda na maji.

Tukafanya jaribio. Juu ya ukuta wa jiko, mahali panapopigwa na jua kutwa nzima na mvua bila huruma, tulipanga vipande vya kila kitu tulichoweza kukipata: plastiki ya dumu la mafuta ya kula, bati, kopo la soda, mti wa mninga, kigae, jiwe. Juu ya kila kimoja tuliandika kwa makapeni, kwa kalamu ya kawaida, kwa penseli na kwa rangi ya mafuta. Tukaviacha vipigwe na masika na kiangazi.

Matokeo yalitushangaza. Makapeni, ghali kuliko zote, ilishika mkia pamoja na kalamu ya kawaida. Penseli ya kuandikia darasa la kwanza ilibaki inasomeka! Mwalimu wa kemia alitueleza kwamba risasi ya penseli wala si risasi, ni grafiti, yaani kaboni, na jua haliwezi kuififisha. Sharti lake ni uso ukwaruzwe kwanza kwa msasa ili ishike. Kwa hiyo ukienda kwenye kitalu chetu utakuta viriba vyote vina vipande vyeupe vya dumu la mafuta, vimeandikwa kwa penseli. Udhaifu wake ni kwamba lazima uiname ndipo usome. Kwa mche wa kwenye kiriba inatosha, kwa mti haitoshi.

Kwa miti tulitumia makopo ya soda. Unakata kichwa na kitako, unalifungua kopo linakuwa karatasi ya alumini, unaliweka juu ya gazeti lililokunjwa, kisha unaandika kwa kalamu iliyokwisha wino huku unakandamiza. Herufi zinazama ndani ya bati, na hapo hakuna cha kufutika, maana hakuna wino. Alumini haili kutu kama chuma. Kingo zinakata kama wembe, kwa hiyo lazima zikunjwe; vidole vya mweka hazina wetu ni ushahidi. Tulivitundika vibao hivyo kwa waya wa kufungia nondo, navyo vikawa vinametameta bustani nzima.

Vilidumu wiki tatu. Jumatatu moja tulifika tukakuta miti iko mitupu. Vibao vilikuwa vimeuzwa kwa kilo kama skrepa. Aliyeuza hatumtaji na aliyenunua hatumtaji, lakini tulijifunza kwamba kitu kinachodumu kwenye jua na mvua kinaweza kisidumu mbele ya mzani.

Na waya nao ulituachia somo. Kwenye mlimao tulikuwa tumeufunga ukakaza, tukausahau. Shina liliponenepa, waya ukazama ndani ya gome. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gome, sasa ukilifunga gome umeufunga mti koo. Tuliukata waya ukiwa umeshaacha kovu, na utaliona ukipita. Siku hizi hatufungi kitu kwenye mti wowote.

Ndugu Mgeni Rasmi, jibu letu lilikuwa chini ya miguu muda wote. Hili ni jiji la mawe. Mgeni akija Mwanza jambo la kwanza anapiga picha na Jiwe la Bismarck. Hakuna mnunuzi wa skrepa anayenunua jiwe, mchwa halili, na mbuzi tumemwona akilinusa na kwenda zake. Akina mama wanaoponda kokoto kule nyuma ya kilima huwasha moto juu ya mwamba ili upasuke, na pale panatoka vipande bapa ambavyo kwao havina kazi kubwa. Walitupa bure tukabeba kichwani. Wawili kati yao wapo hapa na tunaomba wapigiwe makofi.

Kupaka rangi jiwe tulidhani ni kazi ya dakika tano. Mawe ya kwanza yalibanduka rangi kama samaki anayeparwa magamba, kwa sababu tuliyapaka yakiwa na unyevu ndani. Sasa tunalisugua jiwe kwa brashi ya waya, tunaliosha, tunaliacha juani siku mbili nzima, tunapaka prima, halafu rangi ya mafuta mara mbili, na herufi mwisho kwa brashi nyembamba. Mboga zina kibao cha kijani, matunda njano, dawa za asili nyeupe. Nyekundu tumeiweka kwa mmea mmoja tu, mbono kaburi wa kwenye uzio, ambao mbegu zake zinamfanya mtu atapike na kuharisha vibaya. Tumechora na fuvu, kwa ajili ya watoto wa chekechea wanaopita njia hiyo na hawajajua kusoma.

Kuhusu mapambo, tunakiri kulikuwa na mgogoro. Wanafunzi wanaotoka Kirumba, karibu na mwalo wa wavuvi, walitaka mawe yote yachorwe kwa umbo la sato. Kidato cha Nne wakasema hii ni bustani si buchi la samaki. Ikapigwa kura, sato wakashinda, ndiyo maana utaona mchicha, bamia na mgagani vimeandikwa kwenye mbavu za samaki. Ukweli ni kwamba tangu wapakwe wale samaki, wanafunzi wa shule ya msingi wanakuja kuvisoma bila kuitwa.

Kila kibao kina mistari mitatu. Wa kwanza ni jina la Kiswahili. Wa pili ni jina la kisayansi, lile la maneno mawili ambalo mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alilieneza kwa mimea mwaka 1753. Wengine walituuliza Kilatini cha nini bustanini. Jibu lipo kwenye ule mti mkubwa wa getini. Kitabu kinauita mkwaju, sisi huku tunda lake tunaliita ushishi, na mwenzetu kutoka Bukoba alikuwa na jina lake jingine. Kwa sayansi ni *Tamarindus indica*, na hapo hakuna ubishi. Tena jina lenyewe lina kichekesho: limetokana na Kiarabu, *tamr hindi*, tende ya India, na hilo *indica* linarudia India tena, ilhali asili ya mti huu ni Afrika. Umebeba pasipoti ya ugenini nyumbani kwao.

Mstari wa tatu ni wa jina la nyumbani: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya, lolote atakalotuletea bibi au babu wa mwanafunzi. Kwenye mawe mengi mstari huo bado uko wazi. Wazazi mliopo, mkiona mmea mnaoujua, tafadhali msiondoke nalo jina.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni machache. Tunaomba rangi ya mafuta lita nne, kijani na nyeupe, kwa kuwa mawe ya upande wa ziwa bado. Tunaomba chapa za chuma za kugongea herufi, ili miti ya matunda ipate vibao vya bati vilivyogongwa, tutakavyovipigilia kwenye nguzo za zege, si kwenye miti. Na tunaomba tangi la maji. Hilo halihusiani na vibao, lakini ulishapanda mlima umeona bomba liko wapi.

Kuna jiwe moja la 53. Lipo nyuma ya darasa la Kidato cha Pili, chini ya mti uliojiotea wenyewe kwenye ufa wa mwamba. Tumeuliza walimu, tumeuliza majirani, kila mmoja ametaja jina lake na hakuna mawili yaliyolingana. Jiwe lake limeshapakwa nyeupe, halina herufi hata moja, na brashi ipo kwenye kopo pembeni yake. Ratiba inasema kutoka hapa tunakupeleka huko kwanza, pamoja na wazee wote waliokuja.

Tunaomba kuwasilisha.

Sisi wanachama wa Klabu ya Mazingira.