Nyasi za Kitulo si pori la kupandwa paini

Ndugu Mhariri,

Kuanzia Oktoba, nyasi zilizoungua wakati wa kiangazi zikianza kuchipua upya kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, mbayuwayu wa buluu hurudi kuzaliana. Naomba nafasi katika gazeti lako nimsemee ndege huyu. Wengi wetu huku Makete na Mbeya tumepishana naye miaka yote bila kumjua, na mahali anapozalia panapungua tukiwa tunatazama.

Anayetaka kumwona asihangaike kuangalia juu. Mbayuwayu huyu huruka chini kabisa, akipita juu ya ncha za majani na kunasa vidudu warukao. Ni mweusi wenye mng'ao wa buluu, na dume ana manyoya mawili ya mkia marefu na membamba kama uzi. Tafuta mteremko wenye nyasi fupi, asubuhi jua likishapasha ardhi, kaa chini utulie. Ukiona ndege anazama ardhini na kupotea, basi hapo pana kiota. Yeye hajengi darini kwa watu. Hujenga kwa tope na majani makavu ndani ya shimo, mara nyingi lililochimbwa na muhanga, au pale ardhi ilipotitia yenyewe. Tafadhali usilisogelee. Ukisimama mdomoni mwa shimo, mzazi hataingia na makinda yatashinda njaa.

Hapo hapo ulipokaa utaona mengine. Tandawala, ndege mkubwa, hutembea taratibu kwenye majani, shakivale huzunguka juu ya mabonde akivizia panya, na kwenye vichaka vya pembezoni, ukiwa na subira, utakuta kinyonga mwenye pembe tatu. Kuanzia Desemba maua yanafunguka, okidi peke yake zikiwa aina zipatazo 45. Wazee hawakukosea kupaita Bustani ya Mungu.

Tatizo ni kwamba nyasi hizi tunaziita pori. Mtu akiona mteremko hauna mti wala shamba, anaona umekaa bure, basi anaweka mipaini, milingoti (mikaratusi) au viazi. Hata wanafunzi hupelekwa kupanda miti juu ya majani ambayo hayajawahi kulimwa, na wote tunapiga makofi kwamba tumehifadhi mazingira. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nasema kwa uchungu: hapo hatukuhifadhi kitu. Mbayuwayu wa buluu hawezi kuwinda wala kuzalia chini ya paini. Nchini Afrika Kusini mashamba ya miti ya mbao yalimeza sehemu kubwa ya nyasi za milimani, na leo huko wamebaki jozi chache tu, wengi wao KwaZulu-Natal. Duniani kote amekwisha kuwekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka.

Najua paini ni ada ya shule, ni bati, ni matibabu. Sina ugomvi na mkulima wa mbao, na wengi wao ni watoto niliowafundisha. Ninachoomba ni kwamba miti ipandwe kwenye mashamba yaliyochoka na kandokando ya mashamba yaliyopo. Majani ya asili, ambayo jembe halijayagusa, yaachwe. Ukishayalima, hayarudi kama yalivyokuwa hata ukiondoka: magugu huja upesi, lakini okidi na mizizi yake haiji.

Tena si ndege tu. Vijito vya Kitulo hushuka hadi bonde la Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sababu kubwa inayotajwa ni maji yanayochepushwa kwa kilimo huko Usangu, lakini sisi tulio juu hatuna haki ya kuongeza milingoti inayokunywa maji kwenye vyanzo.

Wapo watakaosema Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ipo tangu 2005, na ina kilomita za mraba zipatazo 413, yatosha. Haitoshi. Mbayuwayu hasomi mabango ya mpaka, na baadhi ya miteremko inayomfaa imo kwenye ardhi za vijiji. Aprili ikifika anaondoka kwenda kwenye mbuga za nyasi za pande za Ziwa Victoria, Uganda na magharibi mwa Kenya, ikiwemo Hifadhi ya Ruma. Wenzetu wa huko wakimtunza miezi yao, nasi tunadaiwa yetu.

Kwa hiyo naziomba serikali za vijiji, zinapoandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, ziitaje miteremko ya nyasi kwa jina na kuitenga, kama zinavyotenga malisho na vyanzo vya maji. Walimu wenzangu, kabla ya kuchimba mashimo ya miche, waleteni watoto Novemba wakae kwenye majani saa moja tu watazame. Nawe Mhariri, tuma mwandishi apande barabara ya kona iitwayo Hamsini na Saba kutoka Chimala hadi Matamba mwezi huo huo. Aje na darubini na koti zito, na wenyeji wa kumwonyesha njia tupo.

Mwalimu mstaafu,
Makete, Njombe