Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Lamu

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Bahari imechafuka tangu alfajiri, na bado ulipanda boti Mokowe ukaja. Karibu sana Amu.

Idadi ya wanachama, mikutano na matumizi ya fedha tumeviandika kwenye karatasi utakayopewa. Hapa tungependa kukueleza habari ya harufu ya siki.

Bibi yake mwenzetu mmoja, mkaazi wa Langoni, hunywa aspirini ndogo kila asubuhi kwa agizo la daktari, kwa ajili ya moyo. Vidonge alivimimina kwenye chupa ya achari, akaiweka dirishani upande wa bahari. Siku moja alipoifungua akamgombeza mjukuu wake kwamba ametia siki humo. Mjukuu akaapa hakugusa, akatuletea vidonge viwili klabuni.

Wewe uliyeshika kazi ya famasia miaka mingi wayajua haya kuliko sisi, lakini wenye chupa dirishani ni hawa wazazi wetu waliokaa hapa, kwa hiyo tuvumilie. Aspirini, C9H8O4, ni asidi ya salisili iliyounganishwa na kipande kiitwacho asetili. Asidi ya salisili peke yake huchoma tumbo. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, aliiunganisha na asetili ikawa rahisi zaidi kunyweka. Unyevu hukivunja kiungo hicho: asetili hubanduka, na ikikutana na maji huwa asidi asetiki, ambayo ndiyo inayoipa siki ukali na harufu yake. Na unyevu Amu tunao wa kugawa; hata chumvi ya mezani hulowa bila kumwagiwa maji.

Tulisaga kidonge kipya na kimoja cha bibi, kila kimoja tukakitilia maji na matone mawili ya kloridi ya chuma. Kipya kilibadilika rangi kidogo tu. Cha bibi kilikuwa kama ulimi wa mtoto aliyeshinda chini ya mzambarau. Rangi hiyo ni alama ya asidi ya salisili iliyoachwa wazi.

Hasara haiko kwenye harufu. Asetili hiyo ndiyo inayokwenda kujibandika, ndani ya mwili, kwenye kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachotengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Kazi ya kufichua kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini ilimpa Mwingereza John Vane sehemu ya Tuzo ya Nobeli mwaka 1982. Vichembe vinavyogandisha damu navyo hukitegemea kimeng'enya hicho, lakini havina kiini, haviwezi kuunda kingine, basi kikishazimwa hubaki hivyo hadi vife, siku 7 hadi 10. Hivyo ndivyo kidonge kidogo kinavyozuia damu isigande ovyo kwenye mishipa ya moyo. Kilichonuka siki kimeanza kupoteza kipande hicho, na bibi alikuwa akikinywa kwa imani yote.

Nguvu hiyohiyo ina upande wa pili. Prostaglandini hulinda pia ukuta wa tumbo, ndiyo maana wanaobugia aspirini hovyo hupata vidonda. Mgonjwa wa kidingapopo (homa ya dengi) asipewe kabisa, anaweza kuvuja damu. Mtoto mwenye homa naye asipewe bila daktari.

Mgeni wetu, tunaomba kabati la kemikali lenye kufuli, na chupa nyingine ya kloridi ya chuma, kwani iliyopo imebaki kiasi cha kucha. Tena, kama una nafasi baada ya Alasiri, tufuatane madukani mtaani, ambako vidonge huuzwa kimoja kimoja kutoka kwenye mikebe iliyopangwa juani mlangoni. Wenye maduka ni baba zetu na ami zetu. Sisi wakituona wataturudisha nyumbani, lakini wewe watakupa kiti.

Bibi amepata vidonge vipya, vimebaki ndani ya pakiti yake. Chupa ameirudishia achari.

Tunaomba kuwasilisha.