Ukifika Punta Arenas

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, mwenzangu. Umeuliza kama Hotel José Nogueira ya Punta Arenas, huko kusini kabisa mwa Chile, inastahili bei yake. Inastahili, mradi ujue kulipa.

Pale mapokezi toa pasipoti pamoja na kile kikaratasi cha uhamiaji unachopewa ukiingia nchini. Mgeni asiye mkazi akilipa malazi kwa dola au kwa kadi ya nje, anasamehewa kodi ya asilimia 19. Kwa hiyo chumba cha dola 150 kinabaki 150. Ukilipa kwa peso, ni 178 na nusu. Wengi hukitupa kikaratasi hicho wakidhani ni risiti tu. Mashine ya kadi ikikuuliza peso au dola, chagua dola.

Jumba lenyewe ni Palacio Sara Braun, la mjane wa huyo Nogueira, tajiri wa Kireno. Ujenzi ulianza 1895, vifaa vikaja kwa meli kutoka Ulaya. Sehemu moja ni ya klabu ya mji, kwa hiyo si kila mlango ni wako. Ila usiondoke bila kuketi kwenye ukumbi wa vioo ambamo mzabibu mkongwe umetambaa juu ya meza.

Koti zito ni la nje tu. Gesi asilia ni rahisi huko na watu hupasha nyumba joto mpaka jasho likutoke, basi vaa nguo nyepesi kadhaa, uwe unavua moja moja. Upepo ndio mkorofi. Ukishuka kwenye teksi shika mlango kwa mikono miwili, usije ukang'olewa bawaba. Boti za kwenda kuona pengwini kisiwani Magdalena nazo huahirishwa kwa ajili yake, kwa hiyo weka siku moja ya akiba. Desemba jua huzama baada ya saa 4 usiku. Funga mapazia vizuri.

Asali na matunda usibebe, forodha ya Chile haina mchezo.

Ukitaka kupiga simu nyumbani, tazama saa ya ukutani. Tofauti ni saa 6 kamili, kwa hiyo mshale ukiwa kwenye 8 asubuhi kule, Dar ni saa 8 mchana. Huna haja ya kuhesabu.

Wako,
Salma