Fremu yako ya fulana

Wete, Pemba

Assalaam alaykum sheikh wangu,

Wa baad. Tangu Mfungo Mosi nimekaa kimya, na hitma ya Bi Zuwena sikufika. Lawama nazikubali, tutagombana tukionana. Sasa nina shida na fremu yako ya kuchapia fulana. Usicheke kwanza.

Unalikumbuka giza lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ulivyokuwa ukipandisha madumu ya maji ngazini hapo Mjini? Kila umeme ukikatika huku nayakumbuka madumu yako. Basi nimeingia wazimu mwengine. Kuna watu wanataka kulinasa jua kwa setelaiti huko huko juu, kilomita 36,000, ambako usiku ni nadra, kisha wauteremshe umeme kwa mawimbi ya maikrowevu. Wazo la Peter Glaser hilo, la 1968. Mwaka 2023 wataalamu wa Caltech, chuo cha Marekani, walirusha mtambo mdogo, na chembe ya nguvu yake ikanaswa kwenye paa la chuo chao. Chembe tu, balbu haiwaki.

Setelaiti tuwaachie matajiri. Kinachoninyima usingizi mimi ni cha kupokelea huku chini: vijiti viwili vya antena, diodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) katikati, halafu urudie hivyo hivyo shamba zima la kilomita kadhaa. Kwa kuunga kimoja kimoja haliwi. Lakini ukichapa kwa wino wa fedha juu ya plastiki, kama gazeti... Na ukifanya wavu, jua linapita, karafuu chini yake... lo, nishatandika majamvi.

Juzi nilikata utepe wa shaba, kila kijiti sentimita 3, nikatia diodi, nikausogeza kwenye ruta ya Wi-Fi ya Mwalimu Khamis, maana nayo hutoa mawimbi ya jamii hiyo. Sindano ya mita ikainuka unywele mmoja! Mke wangu akauliza kama itachemsha chai. Nikanyamaza.

Kwa hiyo fremu. Nichapie vijiti mia kwenye plastiki moja, halafu uvibane kwa ile pasi yako ya fulana, digrii 130, maana wino huo usipopata moto haupitishi umeme vizuri. Wino nitaleta mimi, bei yake usiniulize. Diodi nitazibandika kwa mkono. Za kuchapwa nyingi ni nzito kuitikia, mawimbi haya yanazikimbia.

Je, wavu wa fremu yako utapitisha wino mzito? Plastiki haitajikunja? Mpwa wako bado anapanda boti ya Ijumaa, nimpe kijikopo? Na mguu wa mama vipi? Omar usimwambie kitu, atanipachika jina.

Wako,
Juma