Kwa Nini Ada ya Mtoto Mchanga Huzidi ya Kaka Yake

Mzazi mmoja ametulalamikia sisi wa kituo cha kulelea watoto mchana kwamba tumemdhulumu, kwa kuwa mtoto wake wa miezi minane, ambaye kwa maneno yake "kutwa hulala tu", anatozwa ada kubwa kuliko kaka yake wa miaka minne. Lalamiko hili hutufikia kila tunapoandikisha watoto wapya, na linastahili jibu kamili.

Ada hulipia walezi kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Katika chumba cha wachanga mlezi mmoja hukabidhiwa watoto watatu, kiwango ambacho England pia imekiweka kisheria kwa walio chini ya miaka miwili. Mlezi anapombadilisha mmoja nepi, mkono wake mmoja haubanduki kwenye kiwiliwili cha mtoto, na wawili waliobaki huwa wamebakiwa na macho yake tu. Hata huyo "anayelala tu" hulazwa chali, huchunguliwa pumzi mara kwa mara, na daftari hujazwa.

Njia ya mkato tunayoiona mara nyingi ni kumwongezea mtoto umri ili aingie chumba cha wakubwa, ambako mlezi mmoja hukabidhiwa watoto wengi zaidi na kwa hiyo ada ni nafuu. Kabla hatujaanza kudai cheti cha kuzaliwa, tuliletewa mtoto aliyesemwa kuwa na miaka mitatu, kumbe hajatimiza hata miwili, na asubuhi ileile mlezi alimtoa kinywani ushanga ambao wenzake walikuwa wakiutunga kwenye uzi. Ushanga ule usingeingia chumba cha wadogo, kwa sababu kila cha kuchezea hupitishwa kwanza kwenye kopo la kupimia lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kinachotumbukia chote hukataliwa. Tulimhamisha siku hiyohiyo. Mzazi akalazimika kulipa tofauti ya ada, na mtoto akaanza upya kuzoea mlezi mwingine, kwa machozi mengi.

Hatupunguzi bei kwa kumwongezea mlezi idadi ya watoto. Mkaguzi huja na kuondoka, lakini kiwango hakina budi kutimizwa kila saa, hata mlezi anapokwenda kula, na ndiyo maana tunamlipa mlezi wa akiba hata siku ambazo hakuna aliyeugua. Mzazi anayetaka kulinganisha ada yetu na ya kituo kingine aende huko mchana, saa ya walezi kupumzika, ahesabu wachanga waliomo chumbani na watu wazima waliobaki nao.