Kuhusu dada yetu aliyetoka jana

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Jana usiku dada mmoja aliuliza humu kundini kwa nini wanawake wasipewe ushemasi, yaani daraja takatifu lililo chini ya upadre. Hazikupita dakika kumi, akaitwa mzushi, akaambiwa ahamie kwa Walokole. Akatoka. Nimeumia sana, maana swali hilo lilifika hadi kwenye Sinodi ya Roma, yaani mkutano wa maaskofu na wajumbe wengine wa Kanisa Katoliki, na hati ya mwisho ya Oktoba 2024 ikaliacha wazi. Papa Fransisko naye aliwaambia vijana kule Lisbon, Agosti 2023, kwamba Kanisani mna nafasi ya wote, wote, wote.

Kuanzia leo tupinge hoja kwa hoja. Atakayemwita mwenzake mzushi, ujumbe wake nitaufuta. Dada nimempigia, anafikiria kurudi. Akirudi, tafadhali mjibuni swali lake.