Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Dodoma

YAH: NYARAKA ZA WANAFUNZI ZIANDALIWE KABLA YA DIRISHA LA MIKOPO NA UFADHILI

Ndugu Katibu Tawala,

Tunakuandikia wewe, si Bodi ya Mikopo wala Wizara ya Elimu, kwa sababu karatasi zinazowakwamisha wanafunzi wetu zinaanzia katika ofisi za mkoa huu: kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kwa mtendaji wa kata na kwa mtendaji wa kijiji. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Anayefika chuo kikuu ana mkopo wa kuombea, na tangu 2023/24 mikopo imefika hata stashahada kwa fani za kipaumbele. Kijana wa Chemba au Mpwapwa mwenye sifa zote bado anaachwa nje kwa kukosa muhuri.

Kikwazo kikubwa ni cheti cha kuzaliwa. Ombi la mkopo linadai cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na familia nyingi za vijijini zilibaki na kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai kwa kawaida. Hapo ndipo mtoto anaanza kuhangaikia cheti, wakati siku za maombi zinakatika. Usajili uliochelewa unataka vielelezo: kadi ya kliniki au ya ubatizo, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji, vitambulisho vya wazazi. Kikikosekana kimoja, anarudishwa kijijini kwa nauli ambayo nyumbani haipo. Yatima ana mzigo zaidi. Baba alifia kijijini, akazikwa, kifo hakikusajiliwa. Bila cheti cha kifo kilichohakikiwa, mtoto hana namna ya kuthibitisha uyatima wake, na hicho ni kigezo ambacho kingempa uzito katika upangaji wa mikopo. Hili linatuuma kuliko mengine yote, kwa sababu anayeumia ni yule yule ambaye mkopo uliwekwa kwa ajili yake.

Kisha majina. Shuleni aliandikishwa Matayo kwa jina la babu, cheti kikatoka Mathayo kwa jina la ukoo, NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ikaandika vinginevyo. Kwa mfumo, hao ni watu watatu. Jina la NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hurekebishwa kirahisi wakati wa usajili wa mtihani. Cheti kikishatoka, ni safari ndefu ya viapo. Kwa hiyo ukaguzi wa majina ufanyike kabla ya usajili wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kikiwa mezani.

Fomu yenyewe huchapishwa, ikasainiwa na kiongozi wa kijiji au mtaa, ikathibitishwa na hakimu au wakili, kisha ikapakiwa mtandaoni. Tunaona fomu zisizo na muhuri, zisizo na saini ya mdhamini, au zilizopigwa picha kwa simu gizani hata namba hazisomeki. Kaya iliyo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo ithibitishwe mapema, maana uthibitisho huo una uzito.

Tunaomba kila mwaka, kati ya Januari na Aprili, wasajili wa RITA wa wilaya waende kwenye shule za kidato cha sita kwa ratiba iliyobandikwa, wapokee maombi na kurudi na vyeti kabla ya mtihani wa Mei. Watendaji waelekezwe kwa waraka kwamba muhuri wa fomu ya mkopo hauna malipo.

Kuhusu masomo ya nje, maofisa elimu waache kutangaza "kusoma bure" bila maelezo. Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na viza hudai fedha za kujikimu za mwaka mzima kwa kawaida zilizowekwa kwenye akaunti maalumu. Norwei ilianza kuwatoza wanafunzi hao ada mwaka 2023. Matangazo ya zamani bado yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa shahada ya uzamili, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, hivyo aliyemaliza shahada jana asipotezewe muda. Na yeyote anayedai "ada ya kufungua faili" kwa namba ya simu ni tapeli.

La mwisho liko mezani kwako moja kwa moja. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au Chuo cha Mipango anayeshughulikia zabibu za Makutupora au mtama wa Hombolo huleta barua ya chuo kwako, nawe unampeleka wilayani, wilaya kwa kata, kata kwa kijiji. Ruzuku ya utafiti, ikiwemo ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kupitia mfuko wake wa MTUSATE, ina tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Barua ikikaa wiki sita, msimu wa mvua umepita na data ya shambani haipatikani tena hadi mwaka unaofuata. Hapa Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu. Tunaomba barua hizo zijibiwe ndani ya siku tano za kazi, na nakala ziende wilayani na kwenye kata siku hiyo hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Washauri wa maombi ya mikopo na ufadhili, Dodoma